Kichwa cha Mikado na Mabehewa ya Katani

Kwa miezi saba sasa meza ya barazani kwetu, hapa Gongo la Mboto, haijaandaliwa chakula hata mara moja. Juu yake kimekaa kichwa cha treni cha mfano chenye urefu wa sentimita 84 pamoja na tenda yake, yaani kile kibehewa cha nyuma kinachobeba maji na makaa au mafuta, na nyuma yake yamejipanga mabehewa matatu ambayo bado yananuka rangi. Nilikinunua kikiwa kimeshatumika, kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama nchi na hakutaka kusafiri na masanduku yale. Kilikuwa kizima, magurudumu yakizunguka vizuri na mota ikinguruma kwa upole, lakini kilikuwa Mmarekani kuanzia dohani hadi kiungio cha nyuma: kengele ya shaba mgongoni, makaa ya plastiki yanayong'aa ndani ya tenda, na ubavuni jina la kampuni ya reli ya milimani isiyohusiana na sisi kwa lolote. Mimi nilitaka kichwa cha Reli ya Kati.

Kabla ya kushika msumeno nilikaa na kalamu. Reli za treni hizi kubwa za mfano zina upana wa milimita 45, na upana huo unaweza kusimama badala ya reli zaidi ya moja. Ukizidisha 45 kwa 22.5 unapata milimita 1,012 na nusu, ambayo ni karibu kabisa na mita moja, yaani geji (upana wa njia) ya Reli ya Kati iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ukizidisha kwa 32 unapata 1,440, karibu sawa na milimita 1,435 za reli ya kisasa iliyoanza kuchukua abiria kwenda Morogoro mwezi Juni 2024. TAZARA, reli ya kwenda Zambia, yenye milimita 1,067 inaangukia katikati, jirani na uwiano wa 1:24. Kwa hiyo njia moja ya shaba iliyotandikwa uani inaweza kubeba treni zetu zote tatu, mradi mjenzi achague uwiano mmoja kwa kila treni na asiuache hadi mwisho. Mimi nilichagua 1:22.5.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu nimeona mifano mizuri ikiharibiwa na mtu mmoja tu aliyesimamishwa mlangoni. Mtu mwenye kimo cha sentimita 170 anakuwa na milimita 75 na nusu katika uwiano huu. Nilimchonga fayamani wangu, yaani mchochea moto wa boila, kwa kipande cha mti kabla ya kubadilisha chochote, nikamsimamisha ndani ya kibanda cha dereva, na papo hapo nikaona kwamba angelazimika kufanya kazi zamu nzima akiwa ameinama. Paa la kibanda likapandishwa milimita 6. Kila nilipopata shaka kuhusu kimo cha ngazi, upana wa mlango au mahali pa kishikio, nilimrudia fayamani huyo wa mti, nikamwekea mguu wake pale na kuangalia kama angefika.

Aina ya kichwa cha kufuata iliamuliwa na magurudumu. Kuna mawili madogo mbele, manane makubwa ya kuvuta katikati na mawili madogo nyuma. Mpangilio huo huitwa mikado, jina lililotokana na vichwa ambavyo kiwanda cha Baldwin cha Marekani kilivijenga kwa ajili ya Japani mwaka 1897. Tanganyika nayo ilikuwa na mikado zake, zikiwemo zile zilizojengwa na Vulcan Foundry ya Newton-le-Willows, Uingereza, ambazo watu wa reli walizijua kama kundi la ML, na ambazo East African Railways, shirika lililozaliwa mwaka 1948 kwa kuunganisha reli za Kenya na Uganda na zile za Tanganyika, liliziita daraja la 26. Sidai kwamba changu ni nakala kamili ya mojawapo ya hizo, kwa sababu umbali kati ya gurudumu na gurudumu haubadiliki bila kutengeneza fremu mpya. Lengo langu lilikuwa kwamba mtu aliyekula mshahara wa reli akikitazama, jicho lake lisikwame popote.

Kengele ilikuwa ya kwanza kuondoka, na matundu yake yakazibwa kwa epoksi na kupigwa msasa. Wavu wa chuma wa mbele, ule wa kusukumia ng'ombe njiani, sikuuondoa kabisa, maana vichwa vya huku navyo vilikuwa nao, ila niliufupisha. Makaa ya plastiki yaling'olewa yote. Vichwa vingi vya East African Railways vilichoma mafuta mazito, si makaa, kwa hiyo ndani ya tenda nilijenga tanki la mafuta lenye mgongo bapa, kifuniko cha mviringo cha kujazia na ngazi fupi ya kukifikia. Badiliko hilo moja limekipa kichwa uraia wa huku kuliko rangi yote niliyokuja kuipaka baadaye.

Sehemu iliyonichukua muda mrefu zaidi, na ambayo ningeirudia kesho bila kusita, ni ribiti. Tenda ya awali ilikuwa na pande laini kama kopo la biskuti, ilhali nilitaka zile safu za vichwa vya misumari ambazo ndizo zinazoshika bati na bati. Nilijaribu kwanza fremu za plastiki zinazobaki mtu anapobandua laini mpya ya simu. Ni plastiki nzuri inayokatika kwa kisu, lakini unene wake wa karibu milimita 0.8 ukizidishwa kwa 22.5 unapata bati la milimita 18, ambalo hakuna tanki la maji lililowahi kuvishwa. Fremu hizo nikaziweka kwa ajili ya sehemu zilizo nene kweli, kama vile mihimili ya chini na ubao wa mbele. Kwa ngozi ya tenda nilitumia makopo ya soda. Bati la kopo lina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, sawa na milimita mbili na kidogo za chuma halisi, na linapokea alama kwa utiifu wa ajabu.

Nililikata kopo kwa mkasi, nikalinyoosha kwa kulivuta juu ya ukingo wa meza, nikaligeuza upande wa ndani na kubandika juu yake karatasi ya grafu. Chini niliweka kipande cha ndara kuukuu. Kisha kwa ncha ya kalamu ya bolpeni iliyokwisha wino nilibonyeza kwenye kila makutano ya mistari, nukta moja kila baada ya milimita 3, na upande wa pili kikainuka kichwa cha ribiti cha mviringo, chenye upana wa karibu milimita moja. Mstari mmoja wa ubavu wa tenda una ribiti 87, na kila ubavu una mistari mitatu. Mkono ukichoka nguvu hupungua, na ribiti za mwisho huwa ndogo kuliko za mwanzo. Nilitupa bati mbili nzima kwa sababu hiyo, kisha nikajiwekea kanuni ya kubonyeza mstari mmoja tu kila jioni. Jua la saa kumi na moja linapoingia barazani kwa ubavu, kila ribiti inaangusha kivuli chake kidogo, na tenda ile inaonekana nzito ingawa naweza kuinyanyua kwa vidole vitatu.

Mabomba yalitoka Gerezani, kwa mafundi wa kusuka mota, ambao huuza waya za shaba kwa uzito. Waya wa milimita 1.4 unatosha kwa vishikio, kwa kuwa kwenye kichwa halisi ungekuwa na milimita 32, unene ambao kiganja cha mtu kinaufumbata vizuri. Spoku za baiskeli za milimita 2 zikawa mabomba makubwa ya maji. Nilipofika hapa nilijipa sharti ambalo liliamua kazi yote iliyofuata: hakuna bomba litakalobandikwa kabla sijajua linatoka wapi, linakwenda wapi na linabeba nini. Mifano mingi iliyopambwa imejaa nyaya zinazoanza hewani na kuishia hewani, zikiwa zimewekwa ili ubavu usionekane mtupu. Bomba la mchanga linatoka kwenye kisanduku cha mchanga kilicho juu ya boila na lazima lishuke hadi karibu kabisa na pale gurudumu linapokutana na reli, maana mchanga ukimwagwa mbali hausaidii gurudumu kushika njia wakati wa kupanda mlima. Bomba la maji linatoka tendani, linapita chini ya kibanda na kuingia boila kupitia vali iliyo ubavuni. Nilipozingatia hayo nikajikuta na mabomba machache kuliko niliyonunulia waya, na kichwa kikapendeza zaidi.

Rangi ilinipa somo gumu. Vichwa vya East African Railways vilikuwa vya damu ya mzee, na wauza rangi za magari wana uwezo wa kuchanganya rangi yoyote unayowapelekea sampuli. Nilipeleka kipande cha kitambaa, nikapata rangi niliyoitaka, nikaomba iongezwe kijivu kidogo sana, kwa kuwa kitu kidogo kikipakwa rangi kali ileile ya kitu kikubwa huonekana kama kitu cha kuchezea. Jicho limezoea kuona treni kwa mbali, na umbali hufifisha rangi. Thina ya rangi za magari hula plastiki, kwa hiyo nilitanguliza praima na kupuliza safu nyepesi nyepesi, kila moja ikikauka usiku mzima. Hadi hapo mambo yalikwenda sawa.

Kosa nililifanya mwezi wa Aprili, katikati ya masika, nilipoamua kupuliza vanishi isiyong'aa asubuhi baada ya mvua ya usiku, wakati hata chumvi mezani ilikuwa imelowa. Ndani ya dakika tano ubavu mzima wa boila ulipandwa na ukungu mweupe kama maziwa. Dawa iliyomo kwenye vanishi huvukiza haraka mno, ikivukiza hupooza uso wa kitu, na hewa yenye unyevu ikigusa uso uliopoa huacha maji yake ndani ya vanishi kabla haijakauka. Nilikaa nikikitazama kichwa kile bila kusema neno, na mke wangu akaniletea chai na kuondoka kimyakimya. Nilisubiri siku tisa hadi likatoka jua la kweli, nikaliweka kopo la vanishi kwenye maji ya vuguvugu, nikapuliza tena safu nyembamba saa nane mchana, na ile dawa mpya ikayeyusha ya zamani kiasi cha kuuachia unyevu utoke. Sehemu kubwa ya ukungu iliondoka. Kipande kidogo kilibaki chini ya kibanda, na nitaeleza kilivyopata matumizi.

Kuna mzee mmoja mtaani kwetu aliyefanya kazi katika karakana za reli tangu ujana wake hadi alipostaafu. Nilimwomba aje kukiona kichwa kabla sijaanza kukizeesha, yaani kukitia vumbi, masizi na kutu ya kazi. Kwa kweli nilikuwa nimeshaanza kidogo, nikidhani ngazi za kibanda ni mahali pa kujaribia tu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu kisogeze kwenye mwanga."

Alivaa miwani yake, akakizunguka kichwa kizima bila kukigusa, akarudi kwenye ngazi za kibanda na kuinama.

"Hii ngazi imepakwa kutu katikati. Fayamani anapanda na kushuka mara ngapi kwa zamu moja?"

"Mara nyingi, babu."

"Basi kutu itapata wapi nafasi ya kukaa? Iweke pembeni. Katikati pawe peupe, chuma kitupu."

Kisha akanyoosha kidole chini ya kibanda, palepale penye ule ukungu wa vanishi ambao sikuweza kuuondoa, akasema, "Hapa umepatia. Maji ya bara yana chumvi, boila ikivuja inatoa machozi meupe." Nilimweleza ukweli kwamba ile ilikuwa ajali. Akanijibu kwamba hata kwenye kichwa chenyewe ilikuwa ajali, maana hakuna fundi aliyekusudia boila yake ivuje.

Baada ya hapo nilibadilisha namna ya kuzeesha. Sikupuliza tena uchafu kichwa kizima. Nilichukua kila alama na kuiuliza kazi iliyoizaa. Chini ya kila kiungo cha bomba la maji nilichora mchirizi mwembamba mweupe kwa rangi ya maji iliyozimuliwa sana, ukianzia kwenye nati na kufifia kuelekea chini, kwa sababu maji yanapovuja juu ya chuma cha moto huvukiza na kuacha chokaa. Kuzunguka kifuniko cha tanki la mafuta niliweka weusi wenye kung'aa, uliomiminika upande mmoja zaidi ya mwingine, kwa kuwa mjazaji husimama upande wenye ngazi na mpira wake hudondokea huko. Mgongo wa boila nyuma ya dohani ulipata masizi makavu, nikitumia unga wa mkaa uliosagwa na kuchujwa kwa soksi, ukapakwa kwa brashi laini na kushikwa na safu moja ya vanishi. Magurudumu na sehemu zote za chini zilipata vumbi. Udongo wa kuchukua njiani Dodoma una wekundu wa kahawia ambao mchanga wetu wa Pwani hauna, na kwa bahati nilikuwa na ndugu anayesafiri, akaniletea kiasi cha kujaa mfuko wa sukari. Nilichohitaji kilikuwa vijiko viwili, na vilivyobaki nimevihifadhi kwenye chupa.

Fito za chuma zinazounganisha magurudumu sikuzichafua. Hizo hupakwa mafuta na kufutwa kila siku, na fundi angeona aibu kuziacha na kutu.

Mabehewa yalikuwa na kazi ndogo zaidi, lakini niliyafanya kwa furaha kubwa. Yalikuja kama mabehewa ya kufunikwa, yenye maandishi ya kigeni na magurudumu ya plastiki. Magurudumu niliyabadilisha kwa ya chuma, ambayo yana uzito na yana ule mlio wa kupita kwenye maungio ya reli. Sakafuni nikagundisha vipande vya risasi ili behewa lisiyumbe. Nilifikiria kulibadilisha moja liwe bapa na kulipakia kontena, kwa kuwa kontena la futi 20 lina sentimita 27 tu katika uwiano huu na linakaa vizuri sana. Niliacha wazo hilo kwa sababu makontena yanayoondoka bandarini kwenda Isaka ni ya enzi ya dizeli, na sikutaka kuyafunga nyuma ya kichwa cha mvuke.

Nikachagua katani. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 nchi hii ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka, ikiongoza duniani, na mashamba ya Ngerengere, Kimamba na Kilosa yalikuwa kandokando ya Reli ya Kati. Nilitaka mlango wa behewa moja uachwe wazi ili marobota yaonekane, na niliona ni vibaya kutengeneza robota la katani kwa kitu kingine wakati kamba ya katani inauzwa dukani. Ugumu ni kwamba singa za katani ni nene mno kwa kipimo hiki. Nilizifumua kamba, nikazichana kwa kitana cha meno membamba hadi zikawa laini kama nywele, nikazikunja juu ya kipande cha mti cha sentimita 5 kwa 3 na kuzifunga kwa uzi wa shaba mara nne. Robota halisi lina kilo 250, na mzigo mzito hivyo hauna pembe kali, kwa hiyo nililibana kila robota kwenye jiliwa usiku kucha mpaka likavimba ubavuni kama inavyostahili. Marobota 14 yanaonekana mlangoni. Nyuma yake hakuna kitu, ni ubao mtupu uliopakwa rangi nyeusi, nami sioni kosa katika hilo kwa kuwa jicho halifiki huko.

Kuhusu umeme nitasema kwa ufupi. Kichwa kilikuja kikipokea umeme kutoka kwenye reli, na hewa yetu ya chumvi huzifanya reli za shaba ziote ukungu mweusi unaozuia umeme kupita, achilia mbali siku ambazo umeme wenyewe haupo. Niliondoa mfumo huo na kuweka betri tano za lithiamu ndani ya behewa la kwanza, kila moja ikiwa na volti 3.7, zikiwa zimefungwa kwa mfululizo pamoja na kadi ya ulinzi inayozuia zisichajiwe kupita kiasi. Kidhibiti cha masafa, cha kuiendesha treni kwa mbali, kinakaa tendani. Sasa treni inatembea uani kwa zaidi ya saa moja bila kutegemea chochote, na inaweza kupita hata kwenye kipande cha njia kilicholowa.

Kazi haijaisha. Behewa la tatu bado lina makomeo ya Kimarekani mlangoni, na mzee aliyaona siku hiyohiyo. Alichukua kalamu yangu akanichorea nyuma ya karatasi ya grafu jinsi komeo la huku lilivyokuwa: ulimi mrefu wa chuma unaoanguka wenyewe kwenye kitanzi, na pini inayoning'inia kwa mnyororo wenye pete tano. Pete zile zitakuwa na upana wa karibu milimita 2. Waya ninao tayari, na nimeanza kuzizungusha kwenye sindano ya kushonea magunia, lakini tatu za kwanza zimetoka na umbo la yai, kwa hiyo kesho nitatafuta msumari ulio mviringo kabisa.